Kiti cha Mgeni Darasani

Kazi yangu ni kuona makosa. Nasimama kwenye mstari wa kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, nimevaa gambuti, koti jeupe na kofia iliyofunika nywele mpaka masikioni, na minofu ya sangara inapita mbele yangu. Mnofu wenye mwiba natoa. Wenye kipande cha ngozi natoa. Wenye doa la damu natoa. Nimeifanya kazi hii miaka mingi kiasi kwamba siwezi tena kuizima nikitoka getini. Nikienda harusini naona uzi ulioachia kwenye pindo la shela. Kanisani nasikia nani kaanza kiitikio mapema. Mume wangu, ambaye ni fundi wa injini za boti, husema kuishi na mimi ni kukaguliwa kila siku na kufaulu mara mojamoja.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo anampeleka binti yake wa pekee kwenye shule ya Montessori, mahali ambapo mwalimu akiona kosa ananyamaza.

Nisijisifu kwamba niliichagua kwa kuielewa. Nilimfuata jirani yangu. Tunaishi Mkuyuni, nyumba zetu zinatazamana, na mwanawe wa kiume na binti yangu walipishana kuzaliwa kwa wiki mbili. Yeye ni mtu wa Kagera, karani wa mahakama, baba yake alikuwa mwalimu, na mambo ya shule kwake ni mambo ya kufa na kupona. Aliposema amesikia habari za shule ya masista ambako watoto hawapigwi na hawaimbishwi, nikasema basi na wa kwangu aende. Walikuwa na miaka minne.

Wiki ya kwanza kila mmoja wetu alimuuliza mwanawe swali lile lile: leo mmejifunza nini? Binti yangu alisema, "Nimemimina maji." Mtoto wa jirani alisema, "Nimeosha meza." Kesho yake alikuwa ameosha meza. Na keshokutwa.

"Meza!" jirani alinifokea mimi kana kwamba shule ni yangu. "Hata kwangu kuna meza. Si angebaki tu aoshe ya kwangu?"

Nilicheka, lakini na mimi nilikuwa na dukuduku. Mtoto wangu alikuja nyumbani na mazoea mageni. Alikuwa akitandika kimkeka chake sebuleni, anakaa juu yake na bakuli mbili za maharage, mekundu na meupe, anayatenganisha. Mtu haruhusiwi kukanyaga mkeka wala kumsemesha aliye juu yake. Siku moja mama mkwe alifika kutoka Nansio na mfuko wake wa dagaa, akasimama mlangoni akingojea shikamoo ya mjukuu. Mjukuu alimtazama, akatabasamu, akarudi kwenye maharage. Nilitaka ardhi inimeze. Mtoto alimaliza, akarudisha bakuli kabatini, akakunja mkeka, ndipo akaenda akapiga magoti vizuri kabisa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi alisema, kisha akanigeukia mimi. "Mkwe wangu, nimevuka ziwa lote hili, nakuja kusimamishwa mlangoni na maharage?"

Nilimwomba radhi. Lakini baadaye, wakati naosha vyombo, nilijikuta najiuliza: mtoto wa miaka minne amepata wapi uwezo wa kutoiacha kazi nusu? Mimi mwenyewe simu ikiita naacha ugali jikoni.

Jirani hakungoja sana. Kabla ya Pasaka alimhamisha mwanawe akampeleka chekechea ya kawaida, yenye madaftari na alama za vema za wino mwekundu. Na niseme ukweli, alikuwa na sababu. Alikwenda shuleni bila taarifa akamkuta mwanawe anazunguka darasani na kitambaa mkononi, hana analofanya, anatazama wenzake. Wengine walikuwa wanachagua kazi. Wa kwake alikuwa anangoja kuambiwa. Kule alikohamia akaambiwa, na akachanua. Ndani ya mwezi alikuwa anahesabu mpaka mia kwa sauti inayovuka ua na kuingia kwangu nikiwa nakunywa chai. Binti yangu alikuwa akisikiliza tu. Ukimwambia hesabu, anakuuliza, "Nihesabu nini?"

Mimi nilibaki. Sikubaki kwa msimamo, nilibaki kwa udadisi. Nilitaka kuona itaishia wapi.

Kisha ikaja siku ya wazazi kutazama. Pale shuleni kuna kiti kimoja, kifupi, kimewekwa pembeni karibu na mlango, kinaitwa kiti cha mgeni. Mzazi anaingia mmojammoja, anakaa robo saa, anatoka. Sista mkuu alinipa masharti pale mlangoni kwa sauti ya chini: "Ukae, mama. Mikono mapajani. Usiulize, usisaidie, na tafadhali, usisifu."

Usisifu! Hilo lilinishangaza kuliko yote.

Binti yangu alikuwa kwenye mkeka wake anajenga mnara wa vipande kumi vya mbao, kikubwa chini, kidogo juu. Darasa lilikuwa kimya kuliko kanisa. Alivibeba kimoja kimoja kwa mikono miwili. Akapanga vinne, vitano. Cha sita akaruka. Nilikiona pale pale kwenye mkeka, kile alichopaswa kukichukua, na yeye akaweka kinachofuata. Mnara ukapata bega mahali ambapo haukutakiwa kuwa na bega. Nikamtazama mwalimu; mwalimu alikuwa anatazama kwingine. Mtoto akaendelea. Cha nane. Cha tisa. Mikono yangu mapajani ilianza kuwasha, nasema kweli, iliwasha kama ya mtu aliyeshika upupu.

Nikainuka. Hatua mbili tu. Nikaondoa vya juu, nikaweka kilichorukwa mahali pake, nikarudisha vingine, mnara ukanyooka. Haikuchukua hata dakika. Nikarudi kwenye kiti nikiwa na furaha ya mtu aliyetoa mwiba.

Binti yangu hakulia. Aliutazama mnara. Akaushusha wote, kipande kimoja kimoja, akavirudisha rafuni, akakunja mkeka, akaenda kukaa dirishani. Kumbe kosa lile lilikuwa limebaki pale mkekani likimngoja: mwishoni angebaki na kipande kisicho na pa kukaa, angekishika, angejiuliza, angekipatia nafasi mwenyewe. Sista alinieleza hayo nje, bila kunigombeza, na ndiyo maana yaliniuma zaidi.

Nilidhani yamekwisha. Hayakwisha. Kuanzia siku ile mtoto alianza kunitazama usoni. Akifunga kifungo cha kwanza cha gauni, ananitazama. Cha pili, ananitazama. Akimimina chai kwenye kikombe, macho yako kwangu na chai iko mezani. Alikuwa anasoma uso wangu kujua kama amepatia. Na uso wangu, Mungu anisamehe, haujui kuficha.

Muhula uliofuata sista aliniita. "Siku hizi akipanga kitu anageuka nyuma kutafuta uso wa mtu," alisema. "Unajua anamtafuta nani?"

Nilijua. Nilitembea mpaka nyumbani na swali moja tu, na swali hilo nililala nalo na kuamka nalo zaidi ya mwaka mzima: je, nimemharibu mtoto wangu?

Nikaanza kuulizia wazazi wengine kama mtu anayetafuta dawa. Jirani alisema hilo ni jambo la kawaida, mtoto lazima amtazame mkubwa, la sivyo atajuaje. Baba mmoja mfugaji, aliyekuwa akimleta bintiye kwa pikipiki kutoka Usagara, alizima kwanza injini. "Mimi sijui kama wangu anasoma au hasomi," alisema. "Ninachojua, alikuja hapa haongei na mtu. Sasa asubuhi ananiamsha yeye." Mama mwingine aliniambia waziwazi kwamba anaona wanapotezewa muda watoto, ila wa kwake akitajiwa kuhamishwa analia, kwa hiyo kanyoosha mikono. Nilitegemea nikiuliza wengi nitapata jibu moja. Nilipata majibu mengi kama wazazi wenyewe, na kila mmoja alikuwa anamzungumzia mtoto wake, wala si shule.

Kwa hiyo nilifanya jambo pekee lililokuwa mikononi mwangu. Nilijifunza kukaa. Mtoto akianza kazi yake nyumbani, na mimi nachukua kigoda, nakaa, mikono mapajani, natazama ukutani. Mwanzoni nilidumu dakika tatu. Mume wangu alikuwa akipita ananicheka: "Mgeni, umekaribishwa chai?" Kidogo kidogo, macho ya mtoto yakaanza kupungua usoni pangu. Si siku zote. Kuna siku nilidhani amepona, kesho yake soksi moja tu ikamfanya anitazame mara nne.

Mwishoni mwa mwaka wa pili ikaja intavyuu ya kuingia darasa la kwanza, kwenye shule ambayo kila mzazi wa mtaa wetu aliitaka, mimi nikiwemo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Watoto walikalishwa kwenye madawati, karatasi mbele yao, kurasa mbili, na wazazi tukaruhusiwa kukaa mstari wa nyuma ili wadogo wasilie. Jirani yangu alikuwa kushoto kwangu. Binti yangu alikaa dawati la pembeni, hatua chache tu kutoka nilipo, na karatasi yake nilikuwa naiona yote.

Mwalimu aliposema anzeni, likaanza jambo ambalo sikulitegemea: kikohozi. Baba mmoja alikohoa, mwanawe akageuka, baba akatikisa kichwa, mtoto akafuta. Mama mmoja akasafisha koo. Jirani yangu akagonga kiti kwa pete. Baada ya muda mstari mzima wa wazazi ulikuwa na kifua, na watoto wanageuka, wanaandika, wanageuka. Mwalimu alipiga meza mara mbili, tukatulia, kisha kikaanza upya.

Swali la tatu lilikuwa la kuunganisha picha na tarakimu yake. Kulikuwa na samaki watano. Binti yangu akavuta mstari, polepole, mpaka kwenye sita.

Nililiona kosa kabla penseli haijatua. Kikohozi kilikuwa hapa, kooni. Nilijua akigeuka mara moja tu ataniona usoni, nami sina uso wa kumficha, na nilijua vilevile kwamba nikikohoa nitapata swali la tatu na kupoteza kila kitu kingine. Nikaweka mikono chini ya mapaja nikaikalia.

Alikwenda swali la nne. Akasimama. Akarudi. Akaweka kidole juu ya samaki wa kwanza, wa pili, wa tatu, midomo ikicheza. Akachukua kifutio, akafuta taratibu mpaka karatasi ikawa nyeupe, akapuliza vumbi, akavuta mstari mpya. Hakugeuka. Vikohozi vyote vile nyuma yake, na hakugeuka hata mara moja. Nilitaka kusimama nipige vigelegele.

Muda uliisha akiwa hajafungua ukurasa wa pili.

"Alichofanya chote ni sahihi," mwalimu aliniambia baadaye, kwa huruma. "Ila mkono wake uko taratibu, mama. Sisi hapa tunakwenda na muda."

Orodha ilipobandikwa, jina la mtoto wa jirani lilikuwepo, katikati, na alistahili; maswali mengi alijibu kabla pete haijagonga. La binti yangu halikuwepo. Niliisoma karatasi ile mara tatu, kazi yangu ni kukagua, na halikuwepo. Jirani alinishika bega, na nilimshukuru kwa hilo. Niliumia, sifichi. Njiani nilijiuliza kama kikohozi kimoja tu kingemfikisha ukurasa wa pili, na hadi leo sijui. Januari ataanza shule ya hapa hapa mtaani, ambayo haina intavyuu.

Jioni ile nilikaa uani na ungo wa dagaa alioleta tena bibi kutoka Nansio, nachambua, natoa mchanga na vigamba vya konokono. Mikono ilikuwa kwenye dagaa, akili ilikuwa kwenye ule ukuta wa matangazo. Binti yangu akaja na kigoda changu. Akakiweka pembeni, akakaa, mikono mapajani, akatulia. Nilijifanya sijamwona. Nikatenganisha, nikapepeta, nikarudia, na alikuwa bado yupo, kimya, macho kwenye ungo.

Nilikuwa nakaribia kumaliza, kidole kilipogota kwenye kitu kigumu. Kigamba cha konokono, kikubwa tu, cheupe, katikati ya ungo kabisa, mahali ambapo nilikuwa nimepita sijui mara ngapi. Nikakitoa nikakitupa. Mtoto akashusha pumzi.

"Nilikiona kitambo," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hujamaliza, mama."