Landrova ya Ukoo Yaenda Kishushe

Safari hii ilisababishwa na mzee mmoja wa Kishushe aliyekataa kumwoza binti yake kwa watu wanaosafiri kwa miguu. Mzee huyo ni Mwanyumba, mfugaji, na binti ni Wakesho, aliyependana na kaka yangu Mwadime, karani wa mizigo hapa stesheni ya Voi. Mahari haikuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba binti yake wa kwanza aliolewa mbali, na mama yao alipougua, binti huyo alikosa gari la kumshusha Kishushe. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Mzee hakusahau. Akatuma neno kwamba wakwe waje Jumamosi ya kwanza baada ya mvua, na waje na gari lao wenyewe, si la kukodi wala la kuomba. Wakishindwa, kuna kijana anayetafuta mawe ya thamani huko nyikani, ana pikapu mpya, na tayari ameanza kumsalimia mzee kwa adabu ya kutia shaka.

Gari tulikuwa nalo, kwa maana kwamba vipande vyake vyote vilikuwa hai, ingawa havikuishi nyumba moja. Mjomba Righa alikuwa amelitoa Landrova hilo kwenye shamba la katani, lilikokuwa makazi ya kuku kwa miaka mingi, akalikokota mpaka Voi na kututangazia kwamba ukoo sasa una usafiri. Halikuwa na magurudumu. Halikuwa na betri, wala paa, wala sehemu kubwa ya chini. Mjomba alituambia tusinunue kitu kipya dukani, kwa sababu spea mpya humfanya fundi mvivu. Shangazi Mkamburi, mwenye hoteli karibu na soko, akatoa betri ya santuri yake. Mwadime akatoa magurudumu, yasiyolingana. Mimi ni fundi cherehani, nikashona paa la turubai. Bushi, vile vipira vinavyozuia chuma kisigonge chuma, zilikatwa kutoka akala kuukuu, na tangi la petroli likatoka kwa gari jingine lililokuwa limekufa kwa ajali, jambo ambalo Mjomba alituomba tusilitaje tukiwa ndani.

Sasa msomaji aelewe desturi yetu. Kwetu mtu akimweka ng'ombe wake kwa ndugu, ndugu hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na mwenyewe huenda kumwangalia kila akipenda. Ni desturi nzuri sana kwa ng'ombe. Sisi, kwa akili zetu, tukaipeleka kwenye gari. Kila jioni Shangazi alikuja kuchukua betri yake ili wateja wasikilize muziki. Mwadime alifungua gurudumu lake la akiba akalilaza chini ya kitanda. Mimi pia nilikunja turubai langu nikaenda nalo, kwani mimi nani niachwe nyuma? Fundi Salim, mtu wa Voi mwenye asili ya pwani na maneno mengi kuliko spana, alikuwa ametoa ufundi tu, na kwa kuwa ufundi haubebeki, alibaki na ufunguo.

Alfajiri ya Jumamosi tukaliunganisha gari uani kwa Mjomba. Hapo ndipo Salim alipoiona kazi ambayo Mjomba alikuwa ameifanya kwa siri. Ili gari lipande juu na kuruka mawe ya Kishushe, alikuwa amelipachika majani ya springi ya lori, yale mabamba marefu ya chuma yanayobeba gari, na jani moja kuu lilikuwa na ufa ulioungwa kwa moto wa welding. Salim aliinama, akatazama, akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Sikiza, mzee wangu," akasema. "Chuma cha springi hakiungwi kwa moto. Na springi ya lori yataka mzigo wa lori, la sivyo itawatupa nje nyote."

Mjomba alisikia nusu ya pili tu. Kama ni mzigo, alisema, mzigo upo. Ndiyo sababu sote tukasafiri. Ningependa kusema tulikwenda kwa ajili ya kaka yangu, lakini Shangazi alikwenda kulinda betri yake, mimi turubai, Salim ufunguo, na Mjomba alikwenda kulinda sifa. Nyuma tulipakia sukari, majani ya chai, leso na miche mikubwa ya sabuni kwa ajili ya wenyeji wetu.

Mwatate tulifika jua likiwa bado jipya, na mkanda wa feni ukakatika mbele ya maduka, mahali palipo na watu wa kutosha kuona. Mkanda wa akiba ulikuwepo, ila Mjomba alikuwa ameutumia kufungia mlango wa choo nyumbani kwake. Akasokota kamba ya katani, akaifunga, akatangaza kwa sauti kwamba katani ya hapa hufunga meli Ulaya. Ilizunguka, ikatoa moshi, ikadumu kupita nilivyotarajia. Lakini tangi nalo likaanza kudondosha petroli. Salim akaomba sabuni. Nikampa mche mmoja, akausugua kwenye ufa mpaka ukaziba. Zawadi za wakwe zilianza kupungua hivyo.

Kupanda kwenda Wundanyi, gari lilikwenda polepole sana, na kwenye kila kona Salim alitamka jina la Mungu. Watu wa milimani waliokuwa shambani waliinua vichwa, wakatusoma, wakarudi kwenye mboga zao. Tulisimama mara nyingi kuongeza maji na kubadilisha kamba. Kila tuliposimama, Mjomba aliteremka akasimama kando ya barabara kama mtu aliyesimama kwa hiari kuangalia mandhari. Mwadime alikuwa amevaa koti la kuazima na alikuwa akiangalia jua linavyokwenda. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, kwa sababu kama angepoteza mchumba kwa ajili ya ubishi wa springi, ni mimi ambaye ningemsikia akinung'unika maishani mwake mwote.

Baada ya Werugha barabara ilianza kuteremka upande wa nyikani, na kuanzia hapo kuiita barabara ni ukarimu. Serikali iliahidi kuitengeneza, na katika kila uchaguzi huitengeneza tena kwa mdomo. Katikati ya mteremko tulisikia mlio kama wa chungu kikubwa kinachopasuka, na gari likainama upande mmoja. Jani lililoungwa kwa moto lilikuwa limekatika pale pale palipoungwa. Salim alikiokota kipande kilichoanguka, akampa Mjomba akishike, naye akakishika muda mrefu asijue pa kukiweka.

Saa hiyo hiyo ikatokea pikapu mpya, safi, ikiwa na yule kijana wa mawe ndani, kofia pana kichwani. Alisimama, akatusikitikia kwa furaha, akasema sote tunatosha nyuma na angetufikisha kwa Mzee Mwanyumba kabla ya chai. Mjomba alishainua mguu mmoja. Shangazi alishaifungua betri yake. Hata mimi, nakiri, niliangalia zile siti.

"Mjomba, shusha mguu," Mwadime akasema. "Tukipanda hiyo, tumempelekea yeye harusi."

Mguu ukashuka. Kijana akaondoka na vumbi lake, na sote tulijua atafika kwanza na kumweleza mzee sisi ni nani.

Salim na Mwadime wakakata gogo, wakalipachika kati ya ekseli na chesisi, wakalifunga kwa kamba ya katani iliyobaki. Tukaendelea kwa mwendo wa maiti, gari likiwa limeinama upande wa Shangazi, ambaye aliliona hilo kama tusi. Mbuzi walitupita. Wengine walirudi kutuangalia.

Kishushe tuliingia jua likielekea kushuka. Mzee Mwanyumba alikuwa amesimama mlangoni mwa boma, na yule kijana pembeni yake, mikono kifuani. Wakesho alikuwa nyuma, na uso wake ulinifanya nisahau mzaha kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee hakutusalimia. Alilizunguka gari kama anavyozunguka ng'ombe wa mnada, akainama chini, akagonga gogo, akanusa tangi.

"Hii gari ni ya nani?" akauliza.

Tungekuwa watu wenye busara, angejibu mmoja. Mjomba alisema ni yake, Shangazi akamkumbusha betri, Mwadime akataja magurudumu, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema turubai ni langu. Kijana wa mawe akacheka mpaka kofia ikasogea. Shangazi alikasirika, akamweleza mzee kila kitu: jinsi kila mtu alivyoweka kipande kama anavyoweka ng'ombe, na jinsi kila jioni kila mtu hukichukua. Niliona Mwadime akifumba macho.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia yule kijana, akamwuliza pikapu ile ni ya nani.

"Ya kampuni," kijana akasema, na kifua kikapanda.

"Na kampuni inakaa wapi?"

"Nairobi."

"Wakikuita Nairobi, gari inabaki?"

Kijana akaanza kueleza mambo ya mkataba. Mzee alikuwa ameshampa mgongo. Alikwenda kwenye zizi la ndama, akachomoa komeo la mlango, akalileta na kulibwaga miguuni pa Salim. Lilikuwa jani la springi, refu, jeusi, limelainishwa na miaka ya mikono. Alilitoa zamani kwenye Landrova iliyofia huko kwenye ranchi, na tangu siku hiyo lilikuwa likizuia ndama. Salim alilipima kwa shubiri, akapima tena, akasema kwamba Mungu hamtupi mja wake. Ndama, kwa upande wao, walikuwa wameshatoka.

Tulilala Kishushe, tukala, tukanywa, na tukakabidhi sabuni iliyobaki bila maelezo. Asubuhi jani likaingia mahali pake. Mjomba, ambaye sifa zilikuwa zimeanza kumrudia, akataka kulinunua. Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Siuzi," akasema. "Naiweka kwenu. Ng'ombe nikiweka kwa mtu, naenda kumwona. Lakini magoti yangu yamekataa hiyo milima. Kwa hivyo mtakuwa mnaniletea springi yangu niione. Na kila ikija, Wakesho awe juu yake."

Mwadime akaishika mikono ya mzee kwa mikono yake yote miwili. Shangazi alilia waziwazi, na mimi nikajidai naangalia turubai.

Kurudi Voi tulitumia njia ile ile na sabuni kidogo zaidi, tuliyoiomba kwa wenyeji wetu. Gari halikuinama. Mjomba aliwasimulia watu wa Mwatate kwamba alikuwa amepanga hivyo tangu mwanzo, na kwamba wataalamu hupenda springi iliyokomaa.

Tangu harusi tumeshashuka Kishushe mara nyingi. Mvua ikikatika tu, Wakesho huanza kuulizia springi ya babake, na betri, magurudumu na turubai hutoka majumbani vikakutana uani kwa Mjomba. Nimejifunza machache. Gari bovu lenye wenyewe wengi hufika, maana kila mmoja anaona aibu kipande chake kiwe ndicho kilicholala njiani. Lile la kampuni liliitwa Nairobi, likaenda, na mwenye kofia akaenda nalo.

Safari ya mwisho nilipita kwenye zizi la ndama. Pale komeo lilipokuwa, mzee ameziba kwa matawi ya miiba, na ndama hupenya kila siku, naye huwafuata kwa magoti yake mabovu. Ukutani palikuwa na mti mzuri, ulionyooka, unaotosha kabisa. Nikamwuliza kwa nini asiufanye komeo.

"Komeo ninayo," akasema. "Imesafiri na mtoto."