Kopo Lililolia Mara Tatu

Baba yangu, Amri, alikuwa mtia oili. Kazi hiyo aliifanya miaka miwili na miezi michache tu, katika kiwanda cha mbao kilichokuwa kando ya barabara itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa. Kabla ya hapo na baada ya hapo alikuwa mkulima wa ufuta na mihogo kule Ruponda, kama baba yake. Lakini nikimkumbuka, simkumbuki na jembe. Namkumbuka ameketi kibarazani, kidole gumba cha mkono wa kulia kikibonyeza hewa.

Aliajiriwa mwaka wa arobaini na tisa, wakati matrekta ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga yalipokuwa yanang'oa misitu na nyumba za Wazungu zinahitaji mbao. Magogo yaliletwa na malori kutoka upande wa Likunja. Injini moja ilizungusha mhimili mrefu wa chuma, waliouita shafti, na shafti ilizungusha misumeno. Ilishikiliwa na pete saba za chuma, yaani beringi, na juu ya kila beringi palikuwa na tundu la kutilia oili. Matundu hayo saba ndiyo yaliyokuwa kazi ya baba.

Kopo alilopewa lilikuwa la bati, pana chini na jembamba juu kama kichuguu, lenye mdomo mrefu uliochongoka kama wa korongo. Kitako chake kilikuwa bati laini lililobinuka kidogo kwa nje. Ulilipindua kopo, ukaingiza mdomo tunduni, ukabonyeza kitako kwa kidole gumba. Bati liliingia ndani na kusukuma tone la oili, nawe ulipoachia, lilirudi mahali pake. Lilipoingia lilisema tok. Wafanyakazi waliliita chura.

Injini ilizimwa mara mbili kwa siku, saa sita na saa tisa, ili oili itiwe. Sheria ya kiwanda ilikuwa chura alie mara tatu katika kila tundu. Nyapara wao, Yunusi, mtu mnene mwenye magoti mabovu, hakuzunguka kukagua. Aliketi mlangoni juu ya kisiki na kuhesabu kwa masikio.

"Chura wa tundu la nne amelia mara mbili!" alikuwa akipiga ukelele, hata mwezi wa Ramadhani.

"Tatu, nyapara!"

"Mbili! Umefunga wewe, masikio yangu hayajafunga."

Baba alirudia, na watu walicheka.

Mwaka ule wa kwanza neno lilipita katika kambi ya wafanyakazi kwamba oili ya kutoka Ulaya imechanganywa na mafuta ya nguruwe. Hakuna aliyejua limeanzia wapi. Lakini sisi kila kitu chenye utelezi twakiita mafuta: ya ufuta, ya taa, ya mashine, ya mnyama. Mtu akikuambia haya ni mafuta, huna njia ya kujua yametoka wapi ila kumwamini, na baba hakujua amwamini nani. Kazi aliitaka, kwa hiyo alitafuta njia ya katikati. Mkono wa kulia, ule wa kulia chakula, wa kusalimia watu na kufungulia msahafu, aliuweka mfukoni. Oili aliitia kwa mkono wa kushoto.

Mshika msumeno wa mwisho, Felisian, Mkatoliki wa Nambambo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligundua jambo hilo.

"Shekhe Amri, mkono wa kulia umeuacha nyumbani na shemeji?"

"Umefunga."

"Na huu wa kushoto?"

"Huo Mkristo kama wewe. Unakula chochote."

Felisian alicheka hadi akaketi juu ya gogo. Tangu siku hiyo walikuwa marafiki. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, Felisian alikwenda kula mihogo yake nyuma ya lundo la magogo, asimtamanishe mwenzake, kisha akarudi akijipangusa midomo kama mtoto aliyeiba sukari. Na siku za Krismasi baba alimpelekea Albina, mke wa Felisian, kikapu cha ufuta.

Mwezi wa Mei mwaka wa hamsini na moja makopo ya zamani yalikuwa yamechakaa, na yakaletwa mapya. Kwa macho yalikuwa yaleyale. Kitako cha kila moja, hata hivyo, kilikuwa cha bati nene zaidi. Ukikibonyeza katikati kwa nguvu kiliingia chote na kutoa tone nono. Ukikibonyeza kwa uzembe, au kwa kidole dhaifu, ukingo tu ndio uliobonyea. Kopo lilisema tok vilevile, sauti ileile, lakini mdomoni ulitoka unyevu tu, mfano wa jasho.

Baba aliliona hilo siku ya kwanza. Hiki ndicho alichoniambia nilipokuwa chuo cha ualimu, na nadhani hakuwahi kumwambia mtu mwingine kwa maneno hayohayo: "Niliona, Swaumu. Nililiona tone." Kidole gumba chake cha kushoto hakikuwa na nguvu za kulishinda bati lile. Alijua kwamba cha kulia kingeweza. Akawa anabonyeza mara nne, mara nyingine tano, mpaka Yunusi akafoka kutoka mlangoni kwamba anamaliza oili ya watu. Akarudi kwenye tatu.

Ramadhani iliingia mwezi wa Juni. Siku ya kumi na nne ya mfungo, saa tisa, alizunguka matundu yote saba, midomo imekauka, mkono wa kulia mfukoni. Chura alilia mara tatu katika kila tundu. Yunusi hakusema kitu. Injini ikawashwa.

Haikupita saa moja, beringi ya saba, iliyokuwa karibu na msumeno wa Felisian, ilianza kutoa moshi. Hapakuwa na wa kuuona, maana vumbi la mbao lilikuwa limejaa hewani kama siku zote. Iliposhikana na shafti, mkanda uliozungusha msumeno ulichomoka, gogo likaruka upande, na Felisian, aliyekuwa akilisukuma, alianguka mbele, mkono ukitangulia. Baba alisema Felisian hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Vidole vinne vilikuwa vimekwenda.

Kesho yake mwenye kiwanda aliwauliza watu mmoja mmoja. Yunusi alisema aliyoyajua.

"Oili ilitiwa, bwana. Nilimsikia mwenyewe. Tatu, kila tundu."

"Basi beringi imeshikaje?"

Yunusi alifikiri. Alikuwa mtu mwenye hofu ya kazi yake, kama wote. "Huenda Felisian amelazimisha gogo. Alikuwa anatoka nyuma ya magogo, bwana. Kila siku mchana anakwenda nyuma ya magogo. Pombe, labda."

Baba alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alijua kilichokuwa nyuma ya magogo. Alijua pia kwamba Felisian alijificha kule kwa ajili yake. Alipoulizwa kama kweli alitia oili, alijibu, "Nilitia."

Felisian aliachishwa kazi akiwa bado hospitali. Albina alikuja kuchukua shati lake na chombo chake cha chakula, na baba ndiye aliyemkabidhi.

"Asante, shemeji," Albina alisema. "Kanituma nikuambie umuombee kwenye mfungo wako."

Mimi nilizaliwa siku nane baada ya ajali, mfungo haujaisha, ndiyo maana naitwa Swaumu. Mama yangu, Hajira, anasema baba alinibeba kwa mkono mmoja tu, wa kushoto, na alipoulizwa kwa nini, aliondoka chumbani. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kwa watu wetu mkono wa kulia ndio ungefaa kumpokea mtoto.

Baada ya Idi, dereva mmoja wa lori la mafuta alikuwa anakunywa chai pale kiwandani, na baba akamuuliza lile ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: oili inatokana na nini? Dereva alimshangaa. "Inachimbwa, mzee. Ardhini, kama maji ya kisima. Wewe ulidhani inakamuliwa?" Wenzake walicheka. Baba naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya lundo la magogo na kuketi pale Felisian alipokuwa akila.

Tangu siku hiyo alianza kutengeneza kopo lake. Mama alidhani ameugua. Kila jioni kabla ya magharibi alikaa na mkasi wa bati, kipande cha debe na mpira wa ndani wa tairi ya lori. La kwanza lilivuja. La pili lilimwaga oili yote kwa mara moja. La tatu alilipa tumbo la mpira lililojaa kiganjani kama embe dogo, na mdomo wa bati aliouchonga mfupi, usizame wote tunduni, ili tone lionekane likining'inia kabla ya kudondoka. Halikubonyezwa kwa kidole gumba. Ulilikamua kwa mkono wote, wa kulia au wa kushoto, nalo lilitoa tone lilelile. Na halikuwa na sauti hata kidogo.

Alimpelekea Yunusi. Nyapara aliligeuza, akalikamua, akaliweka sikioni, akalikamua tena.

"Bubu hili."

"Ndiyo, nyapara. Lazima uangalie tone."

"Sasa mimi nitakusikiaje?"

"Hutanisikia. Utakuja uone."

"Na magoti haya? Chura ana kosa gani, Amri? Analia, nahesabu, kazi kwisha. Niambie kosa lake."

Hapo baba alikwama. Kulitetea kopo bubu kulikuwa ni kueleza kosa la chura, na kueleza kosa la chura kulikuwa ni kusema kilichotokea siku ya kumi na nne ya mfungo. Alilichukua kopo lake na kurudi kwenye matundu.

Wakati huo habari za pombe zilikuwa zimefika Nambambo. Mtu mmoja aliyekuwa amemwahidi Felisian kazi ya kulinda ghala lake alibadili nia. Hakutaka mlinzi mlevi. Felisian, ambaye hakuwahi kuonja pombe tangu kipaimara, alikuwa anashinda nyumbani akimtazama mke wake akishona. Baba alipolisikia hilo aliona usingizi umemwisha. Mwezi wa Novemba, Jumapili moja kabla ya mvua, alifunga safari hadi Nambambo, kopo bubu mfukoni.

Felisian alimkaribisha kwa furaha. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Shekhe! Nilidhani umenisahau. Umeniletea nini?"

Baba alimpa kopo. Felisian alilichukua kwa mkono wa kushoto na kulikamua. Tone lilijitokeza mdomoni, likaning'inia, likadondoka kwenye tundu la cherehani ya Albina. Alilikamua tena. Alikuwa fundi, na mafundi husoma kitu kwa mkono.

"Zuri," alisema. "Halihitaji nguvu. Hata mkono wa kushoto linautii." Alimtazama baba, akautazama mkono wa baba wa kulia, uliokuwa mfukoni kwa mazoea.

"Amri. Siku ile chura alilia kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na oili ilitoka?"

"Haikutosha. Niliona."

Albina aliacha kushona. Felisian hakupandisha sauti. "Watu wananiita mlevi," alisema. "Vidole ni vyangu na Mungu, lakini hilo la ulevi ni lako. Nenda ukalitoe ulikoliacha."

Hakumpa chai.

Jumatatu asubuhi, watu walipokuwa wamejipanga kuitwa majina, baba alitoka mstarini. Alisema kwa Kiswahili chake cha shambani, polepole, kila mtu akasikia. Alisema siku ile alitia oili kwa kidole kisichoweza, na aliona tone halitoshi, na akanyamaza. Alisema Felisian hakulazimisha gogo. Alisema nyuma ya magogo Felisian alikuwa anakula mihogo, anajificha ili asimtese mtu aliyefunga.

"Lakini mimi nilisikia tatu," Yunusi alisema.

"Ulisikia kweli, nyapara."

Yunusi alilichukua kopo la kiwanda, akalibonyeza pembeni kidogo tu. Tok. Akaugusa mdomo wa kopo kwa kidole. Kidole kilitoka karibu kikavu.

"Kumbe," alisema, "tulikuwa tunatia beringi kelele."

Baba aliachishwa kazi kabla ya saa sita. Felisian hakurudishwa, hapakuwa na msumeno wa kushikwa kwa mkono mmoja, na kiwanda chenyewe kilifungwa baadaye, pale mpango wa karanga ulipokwisha. Lakini wasemaji wa jana ndio wasemaji wa leo, na neno la mihogo lilifika Nambambo kwa njia ileile lilikopita neno la pombe. Yule mtu wa ghala alituma salamu kwamba kazi ya ulinzi bado ipo.

Tulihamia Ruponda juma lililofuata, mimi mgongoni kwa mama. Baba aliomba tupitie Nambambo. Hakuingia ndani, alisimama uani. Felisian alitoka, akasimama mbele yake. Cherehani ilikuwa inalia ndani, nyepesi, imetiwa oili vizuri.

Baba aliutoa mkono wa kulia mfukoni na kuunyoosha. Felisian alinyoosha wa kushoto. Kwa desturi yetu anayetoa mkono wa kushoto huomba radhi kwanza, husema samahani, mkono wa kushoto. Baba alilisubiri neno hilo. Felisian hakulisema. Aliushikilia tu mkono wake hewani, akimtazama, mpaka baba alipousogelea na kuushika.