Mnunuzi Hajafiwa: Kazi Yangu ya Kuwahi Rejista ya Ardhi

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili, Peckham, nilivaa suti iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila mimi. Nilikuwa nimetoka shule ya usiku, ambako nusu ya sheria za Uingereza iliniingia nikiwa macho na nusu nikikoroma. Wakili Mkuu, mama wa Kikenya, akanionyesha kiti. "Hapa tunawahi," akasema. "Mengine utajifunza."

Vijana wangu, fundi wa huku hana haki juu ya nyumba kwa kuwa tu ameijenga. Asipolipwa huenda mahakamani kuomba amri ya dhamana, yaani deni lake lishikwe na nyumba yenyewe, kisha amri hiyo iandikwe kwenye rejista ya ardhi. Nyumba ikiuzwa, wakili wa mnunuzi hufanya upekuzi wa rejista, unaompa mnunuzi nafasi ya kwanza kwa wiki kadhaa. Ukichelewa nyuma yake, unabaki na karatasi.

Nilikuwa nimeshapanda hadi Karani Mkuu wa usajili alipokuja Haji, fundi plasta wa Edmonton, Mpemba mwenzangu. Amri alikuwa nayo, ila haijaandikwa kwenye rejista. Nyumba aliyoikarabati Rayners Lane ilikuwa imepata mnunuzi, lakini mwenyewe, Bwana Seif, alikuwa amefiwa na mama yake juzi.

"Tungoje arobaini," akasema Haji. "Nimfungie mtu nyumba na matanga hayajaanuliwa?"

Wakili Mkuu akavua miwani. "Pole sana, mzee. Lakini mnunuzi hajafiwa."

"Basi nikamwambie kwanza."

"Ukimwambia, leo leo atamhimiza mnunuzi wake."

"Mama wakili, marehemu kanilisha kazi nzima. Nitakaaje kwenye hitma yake, mwanawe hajui nilichomfanyia?"

Nikatoa shauri: Haji aende, anipigie simu akiwa mlangoni, nami nitume ombi kwa kompyuta anapoingia.

"Sawa," akasema Wakili Mkuu. "Ila usingoje jibu la Bwana Seif."

Adhuhuri simu ikalia. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe mpaka kikakaribia kuota mizizi.

"Naingia," akasema Haji.

Nikatuma. Baadaye tuliona kwamba upekuzi wa mnunuzi ulifika kesho yake asubuhi.

Haji akapiga tena.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kaniuliza kama nimekula."

Nyumba ilipouzwa, Haji alipata haki yake. Mimi nimestaafu. Makarani wapya wakinipigia kuuliza habari za kuwahi, nawasimulia kama mtu aliyewahi kuishinda mbio radi. Kisha nawauliza: mwenye nyumba atayasikia haya kwa nani? Sheria haitaki jibu la swali hilo. Lakini fundi na mwenye nyumba watabaki mji mmoja, na watu wa mji mmoja huzikana.