Salamu Kutoka Makina

Nilipoanza utafiti wangu kuhusu sera za jamii za asili, wenzangu chuoni walinionea huruma kidogo. Wao walikuwa wakifunga mizigo kwenda misituni na nyikani, mimi nilikuwa nikitoka nyumbani kwangu Kawangware kwa miguu. Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka. Mtu aliyefukuzwa kwenye msitu wa mababu zake, akaja Nairobi akapanga chumba, bado ni mtu wa msitu ule mbele ya sheria, au haki yake iliishia njiani? Rasimu ya sera iliyokuwa ikizungushwa wakati huo haikuwa na jibu. Ilimtambua anayerina asali. Aliyeshika randa au beseni la kufulia hakuwamo.

Wazazi wangu walitoka Kitui kuja kutafuta kazi, na mimi nimekulia Kawangware, kwa hiyo nilijua namna ya kuuliza watu bila kufanana na mtu wa serikali. Hata hivyo nilihangaika sana kabla ya kumpata hata mmoja. Watu wa msitu niliokuwa nikiufuatilia walikuwa wamejificha ndani ya makabila makubwa. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanakutajia kabila la jirani, maana ndilo walilojitambulisha nalo siku ya kutafuta nyumba, na baadaye ikawa vigumu kurudi nyuma.

Wa kwanza kukubali kuongea nami alikuwa fundi wa vitanda huko Makina, ndani ya Kibera, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniambia kwamba alikuwa bado kijana wakati askari walipokuja kuwatoa msituni na kuchoma nyumba zao. Kila familia ilikimbia upande wake. Yeye alifanya vibarua miji kadhaa mpaka akafika Kibera, na tangu hapo hajawahi kukutana na mtu wa kwao.

"Nikikata mbao huwa naongea peke yangu na hiyo lugha," alisema. "Watu wa hapa hufikiri ni wazimu kidogo."

Nilimweleza kwamba sitamtaja kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo ahadi tunayompa kila tunayemhoji. Alifikiri, akaniambia nitoe simu.

"Hiyo ahadi yako ni sawa. Lakini acha nikurekodie salamu. Ukikutana na mtu wetu, hata mmoja, mwekee asikie."

Akasema maneno kwa lugha ambayo sikuifahamu hata neno moja, akiwa amesimama wima, amevua kofia. Baadaye alinifafanulia. Kwao, anayesalimu hutaja ukoo wake, kisha mto aliokunywa maji akiwa mtoto, kisha anauliza: na wewe, ulikunywa wapi? Kunyamaza bila kujibu ni tusi kubwa.

Nilikaa na salamu hiyo kwenye simu kwa miezi. Halafu, mahali ambapo sikutegemea, nikampata wa kupelekewa. Alikuwa mwanamke wa kanisa letu, mjane aliyefulia watu nguo. Nilimjua tangu nikiwa msichana, na sote tulimchukulia kuwa wa kabila la marehemu mumewe. Alisikia kwa mama yangu kazi ninayofanya, akanivuta kando baada ya ibada.

"Mwalimu, hao watu unatafuta," alinong'ona, "mimi ni wao. Lakini watoto wangu hawajui vizuri. Usiseme."

Nilimtembelea kwake siku ya pili. Alikuwa akikunja nguo kitandani. Aliniambia kwamba mama yake alifia njiani walipokuwa wakikimbia, na kwamba baba yake alirudi msituni kuchukua ng'ombe, hakuonekana tena. Aliniambia bila kulia, kama mtu anayesimulia habari aliyojisimulia mara nyingi.

"Na wewe umebaki peke yako?"

"Peke yangu kabisa."

Ulimi uliniwasha. Mtu mwingine wa kwao alikuwa Makina, mwendo wa kutembea, na sikuwa na ruhusa ya kumtaja. Nilichokuwa na ruhusa nacho ni salamu.

"Mama, kuna mtu aliniomba nimsalimie yeyote wa kwao nitakayekutana naye. Nikuwekee?"

Aliitikia kwa kichwa, mikono ikiendelea na shati. Sauti ya fundi ikatoka kwenye simu. Shati lile lilibaki hewani. Salamu ilipoisha, alisimama, akajinyoosha nguo, akaitazama simu yangu pale kwenye stuli, na akaijibu. Alijibu kwa sauti kamili ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si kanisani wala barabarani, sauti iliyokuwa na mahali pake pa kupanda na kushuka. Nilijikuta nimesimama pia. Nimesoma mikataba mingi ya kimataifa inayosema lugha ni haki ya binadamu. Sikuwahi kuiona haki hiyo ikiingia chumbani na kumkuta mwenyewe.

Alingoja. Kisha akanigeukia.

"Mbona hanijibu?"

"Ni rekodi, mama. Amesharekodi zamani."

Alicheka, akaketi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Nilipowauliza, wote wawili walitaka kuonana. Walichagua Soko la Toi, kwa sababu pana watu wengi na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Tulikutana kwenye kibanda cha makoti ya mitumba. Nilidhani watakumbatiana. Hapana. Walisimama wakiachana hatua chache, fundi kofia mkononi, wakasalimiana kwa ukamilifu wake wote, zamu kwa zamu, wateja wakiwapita kushoto na kulia. Mwenye kibanda alifungua mdomo kuwaambia wanaziba njia, akaishia kusogeza makoti yake.

Kisha fundi akauliza jambo, na yule mama mjane akataja jina la baba yake. Nilimwona fundi akishika nguzo ya kibanda. Aliongea taratibu, macho chini. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, kwa utulivu ulionitisha:

"Anasema baba alipigwa na mti uliokuwa unawaka. Anasema yeye na wengine ndio walimzika. Anajua ni wapi."

Miaka yote ile alikuwa akimwombea baba yake kama mtu aliyepotea, na aliyemzika alikuwa akitengeneza vitanda mtaa wa pili.

Baada ya hapo hakutaka tena kujificha. Aliwaita watoto wake, watu wazima tayari, akawaambia wao ni akina nani. Na kamati ya kukusanya maoni ya umma kuhusu ile rasimu ilipoketi kwenye ukumbi mmoja karibu na Kibera, mama aliinua mkono. Mwenyekiti alimpa kipaza sauti. Mama akaanza kuongea kwa lugha ya msituni.

"Mama, tafadhali, Kiswahili au Kiingereza," mwenyekiti alisema kwa upole. "Hatuna mkalimani wa lugha hiyo."

"Yupo," alisema fundi, akainuka kutoka viti vya nyuma.

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, akaitikia. Basi mama akasema, na fundi akafasiri sentensi kwa sentensi, kwamba hakuja mjini kwa kupenda. Kwamba kaburi la baba yake liko ndani ya uzio uliozungushiwa msitu na yeye yuko nje. Kwamba sheria ikimhesabu mtu wa msitu kwa kumwona msituni tu, basi aliyemfukuza atakuwa amemfuta pia. Kuna mahali sauti ya fundi ilikatika, akaomba radhi, akaendelea. Mimi niliyeandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo niliacha kuandika, nikasikiliza.

Rasimu iliyotoka baadaye ina kifungu kinachowataja waliohamishwa na kuishi mijini. Bado haijapitishwa, na huenda ikabadilishwa tena. Mama aliruhusiwa kuingia msituni na watoto wake, fundi akawaongoza hadi kaburini. Hakunisimulia mengi, nami sikuuliza.

Habari ya ukumbini ilisambaa, na wengine wakaanza kujitokeza, mlinzi wa hapa, muuza mboga wa pale. Jumapili mchana hukutana kwenye karakana ya fundi. Mara ya mwisho nilipofika, nilikuta kelele mpaka nje. Binti wa yule mama alinizuia mlangoni, akitabasamu.

"Sasa mwalimu. Ngoja kidogo, wanabishana."

"Wanabishania nini?"

"Hiyo sera. Ati ituite jina gani. Lile tuliloitwa na wengine au lile letu."

Nikakaa kwenye kitanda ambacho bado hakijapigwa msasa, nikangoja waamue.