Siku Nilipokata Maji Kanisani

Aibu ya siku ile ningali nayo, na ninaiandika kwa sababu wengine wanaisimulia vibaya, wananiongezea hata yale nisiyoyafanya (sikukimbia, nilitembea haraka).

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake watoto wapate komunio ya kwanza, na mafundi waliopaka ukuta wa kanisa chokaa walikuwa wameacha matone makavu kwenye ngazi ya simenti mbele ya altare, basi mimi, kwa hamu ya kuwapendeza wamama wa parokia, nikasema nitayatoa. Nikaenda sokoni kwa Papa Mukalay, mzee aliyestaafu reli, anayeuza asidi ya kusafishia, akaniambia, "Mama, ukate na maji mingi." Alitaka kusema niichanganye ipungue nguvu. Lakini kwetu robinet ya bomba ikikauka tunasema maji imekatwa, nami nikaelewa nikate maji, nisitie hata tone. (Niwe mkweli: nusu nilisikia hivyo, nusu nilitaka kusikia hivyo, maana kisima kiko mbali.)

Nikamimina chupa nzima katika ndoo ya zenki, na kabla sijashika brosi ya kusugulia ndoo ikaanza kulia shiii, povu likapanda, likamwagika kwenye ngazi, ngazi nayo ikachemka, mvuke ukachoma pua, na wanakorali waliokuwa wakifanya mazoezi wakakata wimbo katikati wakatoka mbio wakikohoa, vitambaa puani.

"Mama Kabange!" mama présidente, kiongozi wa wamama wa parokia, akapiga kelele kutoka mlangoni. "Unapika nini mu nyumba ya Mungu?"

Wote wakacheka. Mvuke ulipoisha hawakucheka tena: ngazi ilikuwa imelika kama mkate uliolowa.

"Iko ule muzee wa asidi," mmoja akasema. "Anauzisha sumu! Tumutoshe mu soko leo leo."

Wawili wakamfuata, wakamleta na kofia yake mkononi. Aliangalia chupa tupu, akaniangalia mimi.

"Uliikata, mama?"

Ningenyamaza, wangemfukuza, na ile meza ndogo ndiyo inayomlisha yeye na mke wake.

"Hapana, Papa. Minyi njo nilikosa. Weye ulisema vizuri, minyi nikakata maji."

Kicheko cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Mzee peke yake hakucheka. Akasema, polepole, "Bantu babili bakishusha wagon ya mahindi ku reli, utangoja mpaka mangaribi. Ukituma makumi tano, itaisha mbele haujakunywa chai. Asidi njo vile. Mu maji mingi iko kama bale babili, inakula chokaa polepole, unaiosha mbele haijagusa simenti. Weye, mama, ulituma bote mara moya."

Mama présidente akamwomba mzee msamaha mbele ya wote (naye nimwandikie haki yake: aliomba vizuri, bila kugeuza uso).

Jumapili watoto walipita juu ya mashimo yangu wakiinua miguu. Tangu hapo nisiposikia vizuri ninauliza tena, hata mara tatu, hata wanione mjinga. Parokia nzima inaniita Mama Kata-Maji na jina hilo silipendi. Papa Mukalay angali anauza pale pale, na ninapopita ananisalimia kwa jina langu.