Machozi Niliyompa Baba

Nilimliza baba yangu kanisani mbele ya watu, na mwenyewe hakuwapo. Nilikuwa nimetunga igizo la Krismasi la vijana wa usharika wetu, Songambele. Ndani yake mwenye shamba aliyemfukuza kibarua alipiga magoti, akalia kwikwi, na mke wa kibarua akamkumbatia. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikavimba kichwa, eti mtunzi!

Kila mtu alijua ni baba. Miaka ya themanini mwanzoni, kwetu kibarua aliyetoka Rwanda alipewa mahali pa kupanda maharage na mahindi. Mgomba, hapana, kwa sababu ni mmea wa kudumu, na kesho angeweza kusema ardhi ni yake. Kibarua wetu alipanda vishina vinane nyuma ya kibanda chake. Baba, akiwa amejaa rubisi, pombe yetu ya ndizi, alivikata vyote kwa panga, akamfukuza yeye na mkewe na mtoto mvua ikinyesha. Binti yao mdogo alikufa kabla hawajapata pa kujisitiri. Nilikuwa nikicheza naye.

Siku ya igizo, mama wa yule mtoto alikaa benchi la nyuma. Alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeandika vizuri. Lakini mimi sijamkumbatia mtu. Na baba yako hajawahi hata kuuliza nilimzika wapi mwanangu."

Loo, aibu niliyoiona! Nilifika nyumbani nikamtupia baba daftari la igizo. "Nenda ukamuulize!" nikafoka, mimi niliyekuwa sijawahi kumpandishia sauti. Nilitaka asamehewe, basi. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wa mtu yule.

Hakulia. Asubuhi, ilikuwa Jumatatu, alichimba machipukizi mawili ya mgomba, akayabeba begani hadi Kibingo, alikohamia yule mama. Akamuuliza kaburi liko wapi.  Mama yule aliyachukua machipukizi, akayakatakata kwa panga, akawapa mbuzi. Jumatatu iliyofuata baba akarudi na mengine mawili, nayo yakakatwa. Miaka mitatu, kila Jumatatu, na mimi nikichemka: mwanamke gani huyu, hana moyo?

Kisha baba akaugua, Jumatatu ikapita. Mama yule akamtuma jirani kuuliza mbona mzee hakuonekana. Nilifurahi kama mjinga. Nikafungua daftari, nikaanza kuandika mwisho mpya.

Baba hakuinuka tena. Mazishini mama yule alikuja, akasimama mbali na kaburi. Nilimfuata, nikamuuliza kwa sauti ya kuomba kama sasa amemsamehe.

"Alikuwa hajamaliza," akasema.

Ule mwisho nikauchana. Jumatatu nilichimba machipukizi mawili, nikayabeba hadi Kibingo. Nikamwamkia, nikamuuliza kaburi liko wapi. Akanitua mzigo begani, kisha akaingia ndani kuchukua panga.