Panga, Ua la Mama Pazia

"Bibi, ua linajuaje kwamba limeshiba?"

Aliyeuliza ni mjukuu ambaye wakati huo hata kufunga kamba za viatu alikuwa hajajua, lakini maswali yalimtoka kama cherehani iliyokosa breki. Nyumba nzima ilimwita Kiherehere, naye aliitika bila kinyongo. Aliyeulizwa ni bibi yake mzaa baba, fundi wa mapazia, ambaye huko alikotoka hakuna aliyemjua kwa jina jingine ila Mama Pazia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, barazani ghorofa ya tatu, jagi la maji mkononi na ua lake mbele ya magoti. Akalitazama ua, akamtazama mtoto.

"Ewe mke mwenzangu," akasema mwishowe, "nenda kaoge."

Likawa ndilo jibu la siku hiyo.

Ukweli ni kwamba jibu hakuwa nalo. Maisha yake yote Mama Pazia alishona mapazia: ya wodi za hospitali, ya nyumba za wageni, ya ofisi za watu wazito. Ukimuuliza kazi yake alikuwa akisema, "Kuwanyima majirani habari." Kabla ya kuhamia hapo kwa mwanawe, alipanga chumba kimoja, cherehani dirishani, marobota ya vitambaa mpaka karibu na dari, na nyuma ya marobota, ua moja tu. Aliliokota kwenye ofisi aliyokwenda kutundika mapazia, likiwa limeshatupwa pipani. Majani yake yalikuwa marefu na magumu, yamesimama wima kama wanajeshi kwenye gwaride, na kila jani lina ukingo wa manjano mfano wa upindo ulioshonwa kwa mkono. Wapangaji wenzake wakalibatiza Panga.

Panga lilistawi kwa kusahauliwa. Mama Pazia alilikumbuka siku ambazo mteja amechelewa kuleta kitambaa. Hapo ndipo alipolimwagia kikombe cha maji na kuliambia pole. Lakini yeye hakuliona hivyo. Aliona kwamba ua limempenda, na kwamba mahali linapokubali kustawi ndipo penye heri kwake pia.

Basi siku moja akapanda ngazi kutundika pazia la ukumbi, ngazi ikateleza, nyonga ikateguka. Mwanawe akaja na pikapu ya kukodi.

"Mama, safari hii sibishani na wewe. Unahamia kwangu."

"Na mkeo je?"

"Yeye ndiye aliyenituma."

Mama Pazia hakuamini hata neno moja. Akakubali kwa shingo upande, ua akalipakata mapajani njia nzima, na moyoni akaweka sharti ambalo hakumwambia mtu: Panga likishika nyumbani kwa mwanangu, nami nakaa. Likikataa, narudi chumbani kwangu, nianguke niinuke mwenyewe. Ndiyo maana ufunguo wa chumba kile hakumrudishia mwenye nyumba. Aliuficha ndani ya kopo la vifungo.

Aliyemtia wasiwasi ni mkwewe. Mwanamke yule alipiga pasi mashuka ya hoteli, siku nzima ndani ya chumba chenye mvuke, na jioni aliporudi miguu imevimba alikuwa amebakiza maneno machache sana. "Shikamoo Mama. Umekula?" Basi, kimya. Mama Pazia akayapima maneno yale kama apimavyo kitambaa, akaona yamepunguka. Huyu, akajiambia, ananivumilia tu.

Mwanawe alikuwa amenunua chungu kipya cha kauri, kinang'aa kama sahani ya wageni, wakahamishia ua humo. Na kwa kuwa sasa hakuwa na mteja wala cherehani, Mama Pazia akalimwagilia Panga kila asubuhi. Haukupita muda, majani yakaanza kugeuka manjano, si kwenye upindo bali chini shinani. Akaona lina kiu, akaongeza maji. Likazidi kunyong'onyea. Akalihamishia sebuleni, nyuma ya pazia zito, akidhani jua limeliunguza. Huko ndiko lilikojikunyata kabisa, kama mgeni aliyeambiwa asubiri na hajui anasubiri nini.

Jumamosi moja asubuhi akaligusa jani moja kwa kidole. Likang'oka lenyewe, laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na harufu ikamfikia puani, ya maji yaliyolala.

"Haya," akasema taratibu. "Limeshasema."

Akaingia chumbani, akaanza kufungasha: nguo, futi ya kupimia, kopo la vifungo, na mkasi wake wa kitambaa. Mkasi huo ulikuwa na heshima zake. Mtu akiugusa kukatia hata karatasi, alitafutwa mpaka uvunguni.

Alipotoka na mikoba miwili akakutana uso kwa uso na mkwewe, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko. Mkwe alikuwa ananyata kuelekea kwenye pazia, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

"Mama, hiyo mikoba ya nini?"

"Na hicho ulichoficha ni cha nini?"

Mkwe akatoa mkono polepole. Kikombe cha maji.

"Cha ua," akasema.

"Ua lipi?"

"Lako. Huwa nalimwagilia nikitoka kazini. Niliona linadhoofika nikaingiwa na hofu. Nikasema, likifa mikononi mwangu, Mama atadhani namfukuza kimafumbo."

"Unalimwagilia kila siku?"

"Sikosi."

"Mwanangu, mimi nalimwagilia kila asubuhi!"

Wakatazamana. Mlango wa bafu ukafunguliwa, mwana akachungulia, kidevu kizima povu la sabuni.

"Kwani na nyinyi mnalimwagilia? Mimi nikirudi kukimbia namalizia chupa yangu humo humo. Nikadhani nyinyi mmelisahau."

"Na mimi nililinywesha chai," akasema Kiherehere kutoka chini ya meza.

"Chai!"

"Ya maziwa. Niliona limechoka maji."

Mama Pazia akaweka mikoba chini, kwa sababu kucheka na mikoba mikononi na nyonga mbovu ni kutafuta kuanguka tena. Mkwe alicheka mpaka akakaa sakafuni, kikombe kikammwagikia. Hakuna aliyewahi kumsikia akicheka namna ile; hata mumewe alisimama anamtazama na wembe mkononi.

Kicheko kilipopoa, mkwe akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Mama," akasema, "mimi maneno sina. Nikirudi kazini hata la kujisemesha mwenyewe sina. Lakini maji nilikuwa naleta."

Mama Pazia akaisogelea mikoba yake. Akainama, akachomoa mkasi kwenye mkoba, akampa.

"Shika. Tulitoe humo kabla halijazama lote."

"Mkasi huu?"

"Huo huo. Kata."

Wakatandaza magazeti mezani, wakalipindua Panga. Maji yakamwagika kama yametoka ndooni. Ndipo walipogundua kuwa kile chungu cha kung'aa hakikuwa na tundu hata moja chini. Kila tone walilotia tangu siku ya kwanza lilikuwa humo humo. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka. Mkwe akakata, akakata, akifuta mkasi kila mara, mpaka akafika kwenye kipande cha shina kilicho kigumu, cheupe ndani, chenye jani moja dogo. Majani mengine yaliyokuwa bado na nguvu wakayakata vipande, kila kimoja wakakitia alama upande wa chini, kwa kuwa kipande kikipandwa juu chini hakioti. Vyote wakaviacha kivulini mpaka vidonda vikauke. Kisha mwana akatoboa makopo kwa msumari, wakachanganya udongo na mchanga wa chenga, wakapanda.

Na sheria ikapitishwa: mmwagiliaji ni mmoja, mkwe. Kabla ya kumwagilia achomeke kijiti cha ufagio mpaka chini. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, akae kitako. Kiherehere akapigwa marufuku kukaribia na kikombe cha aina yoyote.

Mama Pazia hakusubiri kuona kama Panga litashika. Mikoba aliifungua siku ile ile. Cherehani ikafuatwa, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi, akashona pazia jepesi la kupitisha mwanga. Mkwe akawa anakaa karibu naye jioni, miguu ndani ya beseni, wote wawili kimya, na kimya hicho hakikumtisha tena mtu. Ufunguo ukarudi kwa mwenye nyumba kabla chipukizi la kwanza halijatoa pua.

Chipukizi nalo lilichelewa kweli kweli. Vipande vya majani vikaota pia, ila vilitoka vya kijani kitupu, bila ule ukingo wa manjano.

"Wamesahau upindo!" Mama Pazia akalalamika, kama mtu aliyeletewa kazi mbovu na mwanagenzi.

Miaka ikaenda. Kiherehere sasa yuko sekondari, jina hajalivua. Juzi alirudi na kitabu cha baiolojia, akamkuta bibi yake dirishani anafuta vumbi kwenye majani ya Panga kwa kitambaa chenye unyevu, jani moja moja, mkono mmoja ukilishikilia kwa nyuma lisivunjike. Akamsomea kwa sauti: mizizi inahitaji hewa, udongo ukijaa maji hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mmea unanyauka kama wenye kiu.

"Kwa hiyo Bibi, lile swali langu la zamani, la ua linajuaje limeshiba. Kitabu hakijasema."

Mama Pazia akakikunja kitambaa, akakigeuza upande msafi.

"Halijui, mke mwenzangu. Mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni, nikasimama pale na mikoba yangu miwili, nikijiona nina njaa."